Nani Alimpokea Mgeni? Dini za Bagamoyo na Watu Waliozileta

Tangu sensa ya 1967 hakuna karani wa sensa aliyemuuliza Mtanzania dini yake. Sensa zimefuatana, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Tumeulizwa umri, elimu, kazi, hata aina ya choo, lakini swali la dini liliondolewa na halijarudi. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walidai lirudishwe, wengine wakatangaza kususia kuhesabiwa, na serikali ikakataa. Hesabu ile ya 1967 iliigawa nchi mafungu matatu yasiyopishana sana: Wakristo, Waislamu, na waliofuata dini za jadi, kila fungu karibu theluthi moja. Tangu hapo fungu la tatu limepungua sana, na yale mawili yanabishana mitandaoni ni lipi kubwa.

Ubishi huo unaniumiza kwa sababu unaanza na jibu la uongo. Unachukulia kwamba dini zilikuwapo tangu zamani, kila moja na eneo lake, pwani ya Waislamu na bara ya Wakristo, na kazi iliyobaki ni kuhesabu vichwa. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na mji huu haukubaliani na hadithi hiyo. Hapa dini hizi mbili zote zililetwa na watu waliotoka kwingine, na wengi wa waumini wao wa mwanzo walikuwa wageni waliobisha hodi, au walioletwa wamefungwa. Kadiri ninavyosoma na kuwasikiliza wazee ndivyo ninavyoamini kwamba mahubiri na utawala vilifanya kazi ndogo kuliko tunavyofundishwa. Kilichoamua mambo, mara nyingi, ni nani alimpokea mgeni siku alipofika.

Kilomita chache kusini mwa mji yapo magofu ya Kaole, na msikiti wake ambao wataalamu wanauweka karne ya 13. Walioswali humo walikuwa watu wa bahari. Upepo wa kaskazi uliwaleta kutoka Uarabuni na Uajemi, wakaoa hapa, wakazikwa hapa, na watoto wao wakawa wenyeji. Lakini dini hiyo ilikaa ufukweni karne nyingi bila kupanda bara. Mtu akitembea mwendo wa siku moja tu kuelekea magharibi alikuwa tayari kwa Wakwere, Wadoe na Wazigua, watu wenye matambiko na mizimu yao. Walimu na vitabu havikukosekana upande wa pwani. Watu ndio hawakuwa wakihama.

Walipoanza kuhama, yaliyokaa kimya karne tano yalibadilika ndani ya miaka hamsini. Seyyid Said alihamishia makao yake Zanzibar karibu 1840, pembe za ndovu zikapanda bei, mashamba ya karafuu yakataka mikono, na Bagamoyo ikawa mlango wa njia ndefu iliyopita Tabora hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka hapa kwa makumi ya maelfu kila mwaka. Hawakupita tu. Walikaa wiki na miezi wakingoja mzigo wa kurudi nao, wakila, wakiugua, wakipendana na watoto wa watu.

Mji haukuwa na huruma kwa mtu wa bara. Aliitwa mshenzi waziwazi. Aliyesilimu alifunguliwa milango iliyokuwa imefungwa: kuoa katika nyumba ya mwenyeji, kula sahani moja, kuoshwa na kuzikwa na watu wakati ndugu zake wako mwendo wa miezi mitatu. Nikifikiria kijana wa Unyanyembe, huko Tabora, aliyeshikwa na homa katika mji ambao hana hata binamu, sishangai alichofanya. Wengi walirudi kwao na kanzu na kofia, na Uislamu wa Tabora na Ujiji una deni kubwa kwa njia hii. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi nao ulikomaa katika safari hizohizo. Hadi leo mtani akija msibani ana haki zake, na hakuna anayemuuliza anasali wapi.

Lakini wapagazi walikuwa na kwao pa kurudi. Watumwa hawakuwa nako, na habari yao ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ni habari ya nyumba yetu.

Upande wa mama ni Waislamu, watu wa zikiri, ile ibada ya kumtaja Mungu kwa pamoja. Bibi mzaa mama alikuwa akisema asili yao ni Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Upande wa baba ni Wakatoliki wa Misheni. Wao wanajua tu kwamba wazee wao waliletwa kutoka bara wakiwa watoto. Bara ipi, kabila gani, hakuna aliyebaki wa kusema. Nilipokuwa mdogo nilidhani pande hizi mbili ni watu wa aina mbili. Baadaye nikaona kwamba ni watu walewale. Walitembea njia ileile, pengine kwenye msafara wa aina moja, shingoni wakiwa na kongwa la aina moja. Walitenganishwa na lango walilopitishwa walipofika pwani.

Lango la kwanza lilikuwa Misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Zanzibar 1863 na Padre Antoine Horner, na 1868 wakavuka kuja Bagamoyo, kwa sababu Zanzibar hapakuwa na ardhi ya kutosha kuwakalisha watu waliokuwa wakiwakomboa. Wengine waliwanunua sokoni kwa fedha, wengine walikabidhiwa na manowari za Waingereza zilizokamata majahazi. Kikaanzishwa kijiji cha waliokombolewa, na mashamba, karakana na shule. Watoto walibatizwa, wakapewa majina ya watakatifu, wakafundishwa useremala, ufundi wa chuma na kilimo. Walipokua wakaozeshwa wao kwa wao na kupewa nyumba na kipande cha shamba.

Hayakuwa maisha mepesi. Kengele ilipanga siku nzima, kazi ilikuwa nyingi, na wapo waliotoroka. Siwezi kusema kwamba mtoto wa miaka minane aliyenunuliwa sokoni alichagua Ukatoliki. Alichagua kula, kulala bila kupigwa, na kuwa na watu wa kumwita kwa jina. Dini ilikuja pamoja na hayo. Watalii wakija Misheni huonyeshwa mnara ambamo mwili wa Livingstone uliwekwa usiku mmoja wa Februari 1874 ukiwa njiani kwenda Zanzibar na kisha London. Ni historia, sina ugomvi nayo. Ningependa tu waongozaji watumie dakika zilezile kueleza habari za familia za kijiji kile, kwa sababu zao ndizo zilizobadilisha nchi.

Na waliibadilisha kweli. Mapadre walipotaka kufungua vituo bara, hawakwenda peke yao. Walichukua wanandoa kutoka kijiji cha Bagamoyo na kuwapeleka kama wakazi wa kwanza: Mhonda, katika milima ya Nguru, 1877, kisha Mandera, kisha Morogoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Kilema, Kilimanjaro. Mgeni wa jana akawa mwenyeji wa mahali pengine. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, uliondoka Bagamoyo ukipita njia ya pembe na watumwa, na Februari 1879 wenzao wawili wa kwanza wakawa wamefika Buganda. Mkatoliki wa Tabora, wa Mwanza, hata wa Kampala, akifuata nyuma nyayo za dini yake atafika kwenye mchanga wetu. Ndiyo maana mwaka 2018 Wakatoliki wa nchi nzima walikuja Bagamoyo kuadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji, katika mji ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, na mji ukawapokea.

Lango la pili lilikuwa mji wenyewe, na jina lake kubwa ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye kila mtu hapa anamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto, mtumwa. Alisoma, akafanya biashara, akapata minazi, na akawa halifa, yaani kiongozi, wa twarika ya Qadiriyya, njia ya Kisufi ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza sana Afrika Mashariki hadi alipouawa 1909. Sheikh Ramiya alifariki 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad akashika nafasi yake. Hadi leo ziara ya Bagamoyo huwaleta watu kutoka mbali.

Zamani hizo uongozi wa dini katika miji ya pwani ulikuwa mikononi mwa nyumba za masharifu na waungwana, na nasaba ilihesabiwa. Katika duara la zikiri aliyesimama karibu yako alikuwa ndugu yako, awe mtoto wa jumbe au mtu aliyeandikwa kwenye daftari la bwana wake. Wanawake walipata nafasi, watu wa bara walipata nafasi, na waliokuwa watumwa walipata zaidi ya nafasi: walipata sheikh aliyetoka miongoni mwao. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Miaka mingi kabla ya hapo mtu wa Manyema alikuwa tayari anabusiwa mkono na watoto wa waungwana. Mahalifa wake walifika mbali bara, wakifuata njia walizoletwa nazo wazee wao.

Angalia sasa ni nani hakufanikiwa. Waomani walitawala pwani hii kwa miongo mingi, na wao ni Maibadhi, dhehebu la Kiislamu lililo tofauti na la wenyeji. Wangapi Bagamoyo leo ni Maibadhi? Wachache mno. Watumwa wao, watumishi wao, hata wake zao wengi wa hapa na watoto waliozaliwa nao walifuata madhehebu ya Shafi, ya wenyeji wa pwani na ya walimu waliotoka Hadhramaut na Ngazija. Mtawala aliwamiliki watu bila kuwapokea msikitini mwake kama wenzake. Wajerumani nao walikuja na bendera ya dola ya Kikristo, na chini yao Uislamu ulienea bara kwa kasi kuliko wakati wowote wa nyuma, kwa sababu makarani, maakida na askari waliowatuma huko walikuwa watu wa pwani, na kila boma likawa na mtaa wa Waswahili pembeni yake. Mwanakijiji aliyehamia kwenye boma kutafuta kazi alipokelewa na mtaa ule.

Niwajibu pia wale wanaosema pande hizi mbili zilikuwa maadui tangu mwanzo. Vita vya Abushiri vilipopiga Bagamoyo 1888 na 1889, watu wa mji kwa maelfu walikimbilia Misheni, Waislamu kwa Wakristo, na wakahifadhiwa. Abushiri mwenyewe, aliyepigana na Wajerumani hadi wakamnyonga Pangani Desemba 1889, aliwaacha mapadre salama na akazungumza nao. Nyanya wa nyanya yangu inasemekana alikuwa miongoni mwa waliolala kwenye uwanja ule. Alitoka salama, akarudi mjini, akaendelea na swala zake.

Reli ya kati ilianzia Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Misafara ikafa, na Bagamoyo ikabaki na minazi, samaki na chumvi. Vijana wakahamia Dar es Salaam na dini zao.

Mpaka hapa nimezungumzia watu waliofika mmojammoja. Mtu aliyeng'olewa peke yake, bila wazee, bila mganga wa kwao, bila kaburi la babu la kutambikia, hawezi kuishi na dini ya kwao hata akitaka, maana dini za jadi zinakaa kwenye ukoo na ardhi. Huyo atachukua dini ya nyumba inayompokea, na ndani ya vizazi viwili itakuwa yake kwa haki zote. Sidhani kama nguvu nyingine yoyote imepunguza fungu lile la tatu la hesabu ya 1967 kuliko kuhama.

Wanaohama kwa kundi, na familia na kiongozi wao wa ibada, ni habari nyingine. Hao hawabadili dini. Wanabadili sura ya dini za mahali.

Wahindi wa Bagamoyo walikuwa hivyo. Mtaa wa India una nyumba zao zenye milango ya nakshi, na jamatkhana, yaani nyumba ya ibada, ya Waismailia, Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan. Sewa Haji Paroo, Mwismailia aliyefariki 1897, aliwapatia wasafiri wengi wapagazi na vitu vya safari, na fedha zake zilijenga hospitali Dar es Salaam. Jengo la Muhimbili lina jina lake mpaka leo. Ukarimu wake ulivuka dini zote, lakini jumuiya yake haikufungua mlango wa ibada kwa wageni wa bara, wala Wahindu hawakufungua. Biashara ilipohama, wakahama. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na kutaifishwa kwa majumba 1971 wengi waliobaki nchini walikwenda Uingereza na Kanada. Dini nzima inaweza kuondoka mtaani ndani ya kizazi kimoja bila mtu hata mmoja kuasi imani yake. Nasema hili kwa huzuni, maana watu wale walikuwa wenzetu, na mitaa ile haijapata tena uhai wake.

Upande wa pili wa jambo hilohilo uko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, Tabora na Katavi, walikowekwa wakimbizi waliotoka Burundi 1972. Walikuja kwa familia, wakapewa mashamba pamoja, wakajenga makanisa yao. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 miongoni mwa watu hao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Kwa hati hizo taifa lilipata waumini wapya wengi kuliko padre au sheikh yeyote awezavyo kuwapata kwa maisha yake yote.

Na sasa ni zamu ya wilaya yetu. Ukitoka Dar es Salaam, ukiipita Bunju, utaona Mapinga na Kerege zilivyobadilika. Palipokuwa na mikorosho na minazi pana kuta za matofali na mabango ya viwanja vinauzwa. Wanaonunua ni watumishi na wafanyabiashara wa mjini, wengi kwao ni Kilimanjaro, Kagera, Mbeya, Mara. Nyuma ya mji wameingia wafugaji wa Kimasai na Kimang'ati. Makurunge ina shamba la miwa na vibarua wake. Hawa hawafiki mmojammoja wala mikono mitupu. Wanafika na wake na watoto, na simu ya mchungaji au katekista mfukoni. Kanisa huanza chini ya mwembe wa mtu, mwaka unaofuata lina mabati, kisha lina spika. Misikiti mipya nayo inajengwa, maana Waislamu wa Tabora na Kondoa pia wananunua viwanja. Bagamoyo inapata Walutheri, Wasabato na Wapentekoste kwa idadi ambayo bibi yangu hakuwahi kuiona, na hakuna aliyemhubiria jirani yake.

Nasikia hofu kwenye vibaraza. "Wanatumeza," wanasema wazee wengine, na siwezi kuwakebehi. Mtu aliyezoea kusikia adhana moja alfajiri, akaamshwa na mkesha wa spika hadi saa kumi, ana haki ya kulalamika. Nao wageni wana malalamiko yao, kwamba wanaitwa watu wa kuja baada ya miaka ishirini ya kuishi hapa. Ninachoomba ni kwamba tusisahau sisi wenyewe tuliingia vipi. Katika mtaa wetu, ukiwaondoa watu ambao wazee wao waliletwa au walikuja kutoka bara au ng'ambo, sijui nani atabaki.

Nadhani mambo makubwa ya kushughulikia ni mawili, na yote ni ya ardhi. Kwanza ni ndoa, na nasema ya ardhi kwa sababu huishia kwenye mirathi ya shamba. Watoto wa wageni na wa wenyeji wanasoma shule moja na wanapendana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu kuoana kila mmoja akibaki na dini yake, lakini familia zetu hazijazoea, na mara nyingi msichana ndiye anayetakiwa kuhama dini ili kikao kiishe. Mama yangu na baba yangu walifungishwa ndoa bomani. Wazee wa pande zote walinuna, kisha wajukuu wakazaliwa na wakaletwa kwa zamu, Ramadhani huku na Pasaka kule, na ununaji ukaisha wenyewe.

Pili ni makaburi. Wageni wengi bado wanasafirisha maiti hadi Rombo au Bukoba, kwa gharama inayowamaliza. Watoto wao waliozaliwa Kerege hawatafanya hivyo milele. Watataka kuzika hapa, na viwanja vimepimwa na kuuzwa hadi ukingoni. Jirani yetu mmoja alipouza shamba lake kwa familia ya Kihaya aliweka sharti kwamba njia ya kwenda kwenye makaburi ya ukoo wake iachwe wazi, na likaandikwa kwenye hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mkewe alipofariki, walionunua ndio waliofyeka njia ile na kusogeza ukuta wao kwa gharama yao ili jeneza lipite vizuri. Kitongoji kimeshaanza kudai sharti hilo kwa kila anayeuza. Halmashauri ikitaka kufanya vivyo hivyo kwa viwanja ambavyo bado havijapimwa, na itenge eneo la maziko kabla ya kuweka bikoni ya kwanza, muda bado upo, lakini Mapinga umebaki mdogo.